Wakili na plana waliotushikia rufaa ya ruhusa ya ujenzi: nyota nne, na ile ya tano sababu yake nitasema

Watu wengi wameniuliza inbox tulitumia nani kwa ile kesi ya ploti ya mamangu, na kila nikimjibu mmoja anakuja mwengine na swali lilelile, basi naandika hapa mara moja kila mtu asome. Hii ni riviu ya huduma. Ni wakili na plana (mtaalamu wa mipango ya ujenzi na matumizi ya ardhi) wanaofanya kazi ofisi moja hapa Mombasa town, na kazi yao kubwa ni hizi kesi za mtu kuomba ruhusa ya kujenga akanyimwa. Jina la ofisi siandiki maana kuna pahali nitawalaumu na sitaki maneno na mtu, na ile serikali ya kaunti iliyotunyima pia siitaji, ploti iko Pwani hii hii, mtosheke na hapo.

Kwanza mjue tulikuwa twataka nini, maana wengine mwafikiri ilikuwa kesi ya kunyang'anyana shamba. Hapana. Ploti ni ya marehemu baba, iko konani pale barabara inapopinda, na umbo lake ni pembe tatu, upande mmoja mwembamba kabisa. Juu yake kuna nyumba ya zamani ya kuishi, chumba kimoja kishaanza kumwaga plasta. Mama akataka ivunjwe, chini zije duka nne na juu ghorofa mbili za kukodisha. Sasa hapo pana mambo mawili. La kwanza, lisi, yaani hati ya kukodishwa ardhi, inasema ardhi ni ya makao, kwa hivyo ukitaka duka lazima uombe kubadilisha matumizi. La pili, sheria yataka uwache nafasi toka barabarani kabla ya ukuta kuanza, na kwa ile pembe tatu ukiwacha hiyo nafasi pande zote mbili za barabara, kinachobaki chatosha tangi la maji na kibanda cha askari. Kwa hivyo tukaomba pia huo mstari wa jengo usogezwe. Ombi moja, mambo mawili.

Likakataliwa. Barua yenyewe ni karatasi moja, mistari miwili ya maana, ati ombi halikubaliki kwa kuwa haliendani na matumizi ya eneo, mhuri umekaa juu ya tarehe nusu haisomeki, kwisha. Hakuna neno kuhusu mstari wa jengo, hakuna neno kuhusu ripoti ya plana wa kwanza tuliyomlipa (huyo ni mtu mwengine, si hawa ninaowaandikia, na sina la kumsema). Hapo ndipo kila mtu akawa mshauri. Fundi asema anzeni tu, mimina slebu wikendi na usiku, wakija wakute kuta zishasimama. Binamu asema ana mtu ndani. Jirani mwengine asema kimbilieni kortini mchukue oda. Mama yu pale kati na tasbihi yake anasikiliza wote.

Tulielekezwa kwa hawa na rafiki wa dadangu. Ofisi yao iko ghorofa ya tatu, lifti yafanya kazi siku ikitaka yenyewe, na kwa mtu mzima kama mamangu mwenye magoti hilo si jambo dogo, nimewaambia na naliandika hapa tena. Wakili ni mwanamke, kijana, Mombasa ndiko kwao, akainuka akamwamkia mama vizuri, shikamoo mama, marahaba mwanangu, wakakaa. Mama akatoa ile barua. Yule wakili hakuisoma. Akauliza, "Mama, bahasha yake iko wapi?"

Sisi tukatazamana. Bahasha? Kwa bahati mama hatupi kitu, bahasha ilikuwa mkobani imebeba riseti za stima. Akaichukua akaigeuza, akatazama mhuri wa posta, akaiweka kando ya barua akapiga picha zote mbili kwa simu, halafu ndio akaanza kusoma. Baadaye akaeleza: ile sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inakupa siku 14 za kukata rufaa, na hizo siku zinahesabiwa kutoka siku ya uamuzi, sasa barua ikiandikwa tarehe hii ikakufikia wiki moja na nusu baadaye, zishaliwa, na upande wa pili ukija kusema umechelewa utahitaji kitu cha kuonyesha uliipata lini. Ile picha ya bahasha ikaingia kwenye afidaviti, kile kiapo cha maandishi. Kwangu mimi hapo tu walishapata nyota mbili, kwa sababu nimeshaona watu wakipoteza kesi nzuri kwa kuhesabu siku vibaya.

Halafu akamaliza wale washauri wetu wote mmoja mmoja, kwa upole lakini akawamaliza. Kuanza kujenga bila ruhusa ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 57, faini mpaka shilingi 500,000 au jela mpaka miezi miwili au vyote pamoja, na juu ya hapo waja kubandikiwa notisi ya kuvunja. Akauliza na swali ambalo hatukulitarajia, kama ombi letu lilikaa muda gani kabla ya kujibiwa. Kumbe kuna kifungu, cha 58, kinasema ukiomba na siku 60 zikapita bila jibu la maandishi basi ruhusa yahesabiwa imetolewa. Letu lilijibiwa ndani ya muda kwa hivyo halikutuhusu, lakini akasema ni vizuri tujue na tuwaambie wengine wasijidanganye nacho, kwa sababu mtu anahesabu siku 60 anaanza kuchimba msingi hana hata karatasi moja mkononi, askari wa kaunti akija utamwonyesha kalenda? Hata hapo unatakiwa ufuatilie upewe hiyo ruhusa kwa maandishi.

Kuhusu mtu wa ndani hata hakusema kitu, alimtazama tu binamu yangu.

Na kuhusu kukimbilia kortini, hapa ndipo panapopoteza watu wengi na ndipo naona pesa yetu ilifanya kazi. Jirani alisema oda, oda, na mimi pia nilidhani hivyo ndivyo mambo yaendavyo, umenyimwa na serikali basi wenda kwa jaji. Wakili akasema tukienda hivyo tutatupwa nje kabla hata hatujasikizwa, na tutalipa gharama za upande wa pili juu. Sheria ishaweka mlango wa kwanza, ni kamati ya liezoni (liaison) ya mipango ya ardhi ya kaunti, ndiyo inayosikiza rufaa hizi, unapeleka yako pale, ukishindwa ndio waenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Akasema korti za Kenya zimekuwa zikirudia hilo tangu ile kesi ya Spika wa Bunge na Njenga Karume ya 1992, ya kwamba kama sheria imekupa njia maalum ya kupeleka lalamiko lako basi fuata hiyo njia, na ile sheria ya 2015 ya haki katika maamuzi ya kiutawala nayo imeandika waziwazi kifungu cha 9 kwamba korti haitaangalia uamuzi kabla hujamaliza njia za ndani. Kuna mwanya, korti yaweza kukuruhusu kuruka ikiwa kuna sababu isiyo ya kawaida na umeomba, mfano kaunti ambayo hiyo kamati yenyewe haijaundwa, na kuna kaunti zilichelewa sana kuziunda. Kwetu kamati ilikuwepo. Basi tukaenda kwa kamati.

Sasa wacha niwaambie kuhusu plana, kwa sababu ukiniuliza mimi aliyetushindia kesi hii ni plana, wakili aliibeba tu ikafika. Ni mzee wa makamo, kofia ya kibandiko cha timu ya mpira, haongei sana. Alikuja kwenye ploti na tepu na kamera na daftari, akaanza kupima ambapo hatukumwambia apime. Alipima njia ya miguu ya ng'ambo. Alisimama konani akawa anaandika magari, na akarudi Ijumaa wakati wa swala kwa sababu msikiti uko karibu na ndio saa barabara inapojaa, akasema wakitaka kutukataa kwa msongamano wacha sisi ndio tuwe na hesabu ya saa mbaya kuliko zote, tusingoje waitoe wao. Akatuuliza gari za wapangaji zitasimama wapi. Tukasema barabarani. Akaandika, akanyamaza, tukajua tumesema vibaya.

Kitu kilichonifunza zaidi ni hiki. Sisi hoja yetu kubwa kichwani ilikuwa majirani. Ile barabara ina duka la simu, ina kinyozi, ina mama wa mahamri na mbaazi kwenye veranda yake, ina hadi gereji ndogo, na sote tulikuwa twasema mbona wao, mbona wao. Plana akatembea nyumba hadi nyumba na swali moja, "Mna karatasi au mwafanya tu?" Wengi walikuwa wafanya tu. Akatuambia hao hawatusaidii hata kidogo, ukienda mbele ya kamati ukasema fulani anavunja sheria nami niruhusiwe, umejifunga mwenyewe na umemchongea jirani. Akatafuta wale wenye ruhusa ya kweli, akapata nakala za ruhusa za ploti mbili upande uleule zilizobadilishwa kutoka makao kuwa makao na biashara. Hizo mbili ndizo zilizoingia kwenye ripoti, gereji na kinyozi hawakutajwa. Hoja ikawa si ya wivu tena, ikawa ofisi hiyohiyo kwa barabara hiyohiyo ishakubali jambo hilohilo, basi ieleze letu lina tofauti gani.

Na kuhusu ile pembe tatu. Alisema kule Marekani ombi la namna hii lina jina lake na bodi yake, na kipimo chao cha zamani, tangu zile sheria za mfano za miaka ya 1920, ni kama kukulazimisha ufuate kanuni neno kwa neno kunakuletea dhiki isiyo ya lazima kwa sababu ya hali ya ardhi yako yenyewe. Sio kwa sababu wataka pesa zaidi, na sio shida uliyojiletea, kama mtu aliyekata ploti yake akauza kipande halafu akalia kwamba imebaki ndogo. Hapa kwetu hakuna mlango wa peke yake kwa jambo hilo, laingia ndani ya ombi lilelile la ruhusa ya ujenzi, lakini akasema fikra ni nzuri na wanakamati ni watu, ikaelezwa hivyo wataelewa. Akachora michoro miwili, mmoja wa jengo likifuata mstari kamili na mmoja likisogezwa. Ule wa kwanza wachekesha wallahi, chumba cha kulala hakiingii kitanda. Akaonyesha pia kwamba kona inabaki wazi dereva anaona anayekuja, maana hilo ndilo jambo la kweli la usalama kwa ploti ya konani na ukilikwepa utaulizwa.

Kamati ikasikiza. Sheria inasema rufaa iamuliwe ndani ya siku 14 tangu iwasilishwe, na yetu ilipita hapo kwa mbali, kikao chaahirishwa, mwanachama hayupo, akidi haikutimia, mwajua wenyewe. Uamuzi ulipokuja tukashindwa. Wakasema wanakubaliana na ofisi, matumizi ya eneo hayaruhusu. Na wao pia hawakugusa ile ripoti.

Mimi hapo nilitaka kuwalaumu hawa watu wetu kwa hasira, nikasema si mlisema. Wakili akasoma ule uamuzi akatabasamu, nikaona huyu kichaa. Akasema hii ndiyo tuliyoitaka, ikiwa lazima tushindwe basi tushindwe hivi, kwa sababu sasa kuna ngazi mbili ambazo zimepewa ripoti na hazikusema hata ni kwa nini zimeikataa, na katiba kifungu cha 47 yasema mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa serikali ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi.

Kesi ya korti sitawachosha nayo. Kuanzia kufaili kila kitu ni mtandaoni siku hizi na kusikizwa ni kwa video, mama alikaa ofisini kwa wakili mbele ya laptopu na leso yake amejifunika vizuri kama anaenda arusini, akangoja jina letu lifike kwenye orodha huku jogoo wa mtu fulani ambaye hakuzima maiki akiwika katikati ya hoja ya kesi ya wengine. Mention (kikao kifupi cha kuangalia kesi imefika wapi), mention, mention, halafu hoja za maandishi, halafu tarehe ya hukumu. Mwenye kudhani atasimama kizimbani alie aeleze vile baba alivyonunua ploti kwa jasho, hakuna hiyo.

Ila jambo moja nataka mlielewe kwa sababu ndilo mwaniuliza sana: jaji anaangalia nini? Wakili alitueleza kwa hadithi ya mji mdogo wa Uingereza, Wednesbury, kesi ya 1947. Serikali ya mtaa ilimpa mwenye sinema leseni ya kufungua Jumapili kwa sharti kwamba watoto chini ya miaka 15 wasiingie, hata wakiwa na wazazi wao. Mwenye sinema akaenda kortini kusema sharti hilo halina maana. Akashindwa. Majaji walisema kazi yao si kuamua kama wao wangeweka sharti hilo au la, hiyo ni kazi ya serikali ya mtaa iliyopewa na sheria, korti inaingia tu ikiwa wameangalia mambo yasiyofaa kuangaliwa, au wameacha kuangalia yanayofaa, au wamefikia uamuzi ambao hakuna mtu mwenye akili timamu angeufikia. Sheria zetu siku hizi zimepanuka zaidi ya hapo, lakini mzizi ndio huo. Kwa hivyo hata ukiwa na jengo zuri namna gani, jaji hatakugongea mhuri kwa uzuri wake. Atauliza: walikusikiza? Walipewa ripoti, waliisoma? Walitoa sababu? Waliotangulia walipewa, wewe umetofautishwa kwa nini? Suala la magari na kona, hilo anawaachia wenye utaalamu wao.

Na ndivyo ilivyokuwa. Tulishinda. Uamuzi wa kukataa ukafutwa, na ombi likarudishwa ofisi ileile liangaliwe upya, safari hii wazingatie ripoti ya plana na zile ruhusa mbili za jirani, na wakikataa waandike sababu.

Sasa hapa ndipo ile nyota ya tano ilipopotelea. Mama alipoambiwa tumeshinda alishukuru Mungu, akainua mikono, kisha akauliza, "Kwa hivyo ruhusa iko wapi, niione." Wakili akaanza kueleza kwamba la, inarudi. Inarudi wapi? Kwa walewale. Uso wa mama ulibadilika mbele yangu. Ni kweli siku ya kwanza wakili alilitaja hilo, lakini alilitaja katikati ya mambo mengine mengi, tena kwa haraka, na ile karatasi ya makubaliano ya malipo ilikuwa imeandikwa juu kabisa "kupata ruhusa ya ujenzi". Mtu wa miaka sabini na kitu akisoma hivyo anaelewa analipia ruhusa. Kama kazi yako ni rufaa, andika rufaa. Mweke mteja chini, mwambie, mama, tukishinda utakachopata ni kusikizwa tena kwa haki, si karatasi ya kujengea, halafu yeye ndio aamue kama pesa yake yafaa kwenda huko. Nafikiri mama angesema ndiyo vilevile. Lakini angesema yeye.

Mengine ya kulaumu ni madogo. WhatsApp yao wanasoma, tiki mbili za bluu waziona, jibu laja kesho kutwa. Ukipiga simu ya ofisi sekretari ni mzuri sana anapokea na anakwambia ukweli kama faili halijaguswa, huyo naye apewe chake. Malipo tulianza na deposit ya elfu 80 kwa upande wa kamati, korti ikawa hesabu nyingine, wakatukubalia kulipa kidogo kidogo kwa M-Pesa na kila mara riseti ilikuja. Kuna watu wameniuliza kama wanaweza kubageini: mawakili wana viwango vyao vya chini vilivyowekwa kisheria na hawaruhusiwi kutoza chini ya hapo, kwa hivyo ukiona anayekufanyia kwa bei ya kutupa jiulize mara mbili. Nilicholalamikia ni ile mistari ya fotokopi na usafiri kwenye bili, jumla tu bila mchanganuo, nilipouliza wakanipa mchanganuo na ulikuwa sawa, lakini kwa nini niulize? Plana analipwa kando na kwa maoni yangu analipwa kidogo kuliko anavyostahili.

Tulirudi kwa ofisi ya mipango. Safari hii plana alitukalisha kabla ya kupeleka akasema haya, mmepewa nafasi ya pili msiiharibu kwa ukaidi, duka nne ni nyingi kwa kona hii na mimi mwenyewe ningekuwa upande wa pili ningezikataa. Mama hakufurahi. Dadangu hakufurahi zaidi, ye ashamuahidi mtu moja ya hizo duka. Mwishowe zikawa duka mbili, maegesho ya wapangaji yakaingia ndani ya ploti nyuma, roshani ya upande wa barabara ikaondolewa, na mstari wa jengo ukasogezwa kwa upande mmoja tu badala ya pande mbili. Ruhusa ikatoka na masharti hayo yote yameandikwa. Kuna ndugu anasema mlipigana miaka yote hiyo mkapata nusu, mimi namwambia nusu yenye karatasi, benki yaikubali, na hakuna anayekuja usiku na rangi nyekundu kuandika X ukutani.

Nani awatumie hawa: mtu aliyenyimwa na barua haina sababu, au ana ripoti nzuri iliyopuuzwa, au ana majirani wenye ruhusa halali. Nani asiwatumie: mtu aliyeshajenga tayari anataka korti imkingie, wao wenyewe watakwambia hapana, nilimwona mmoja akiambiwa hivyo pale mapokezi akatoka akibamiza mlango. Na kama shida yako ni leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira, hiyo ni njia nyingine kabisa, yaenda kwa Traibyunali ya Kitaifa ya Mazingira, na ina siku zake, 60, usije ukachanganya ukapeleka kwa kamati ya liezoni ukajikuta huku umekosea na kule umechelewa.

Kuna jirani yetu wa zamani wa Majengo naye nilimpeleka, nyumba ni yake lakini ardhi si yake, analipa kodi ya ardhi kwa mwenyewe kama vile wengi wetu mji huu, akataka kuongeza ghorofa. Walimsikiza bila kumtoza, wakamwambia kabla ya kufikiria rufaa au korti yoyote akapate kwanza idhini ya mwenye ardhi kwa maandishi, kwa sababu ombi laangalia nani mwenye ardhi, na bila hiyo watachukua pesa yake bure. Bado anamtafuta huyo mwenye ardhi, familia ishagawanyika, mmoja yuko Muscat.